Huduma ya Kusafisha Majitaka ya Mji: Tathmini Kutoka Ukingo wa Mto

Katika huduma zote ambazo mji huwatoza wakazi wake, ya kusafisha majitaka ndiyo ambayo mlipaji haioni ikifanyika. Anavuta maji chooni, anamwaga ya kufulia na ya kuoshea vyombo, na kuanzia hapo shughuli nzima inahamia chini ya ardhi, kisha kwenye mtambo ulio pembezoni mwa mji, kisha mtoni. Anayelipa ankara anakaa juu ya mkondo, ilhali anayepokea maji yaliyosafishwa anakaa chini yake, na mara nyingi si mteja wa mamlaka husika hata kidogo. Ndiyo maana maoni mengi kuhusu huduma hii hupotoka: mkazi huisifu kwa kuwa bomba lake halijaziba, wakati mvuvi, mkulima wa bustani na mji unaofuata, ambao huchota maji ya kunywa katika mto huohuo, hawajaulizwa lolote. Tathmini hii naifanya nikiwa upande wao. Nitaipima huduma kwa kile kinachotoka kwenye bomba la mwisho na kwa hali ya mto baada ya hapo, na si kwa ukubwa wa mtambo wala uzuri wa majengo yake.

Jambo la kwanza ambalo mto unalihitaji ili uishi ni oksijeni. Maji yenye joto la nyuzi 20 yanaweza kushika takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 kiasi hicho hushuka hadi karibu 7.6, na samaki wengi huanza kutaabika ikipungua chini ya 5 au 4. Mto wa eneo la joto, kwa hiyo, huanza ukiwa na akiba ndogo, na bakteria wanaoozesha uchafu ndani yake hufanya kazi kwa kasi kubwa zaidi. Mwaka 1925, Streeter na Phelps, waliokuwa wakiuchunguza Mto Ohio nchini Marekani, walionyesha kwa hesabu kwamba mahali penye hali mbaya zaidi si pale bomba linapomwagia, bali ni umbali fulani chini yake, ambako bakteria wameshatumia oksijeni nyingi kuliko ile inayoingia tena kutoka hewani. Mkaguzi anayechota sampuli kando ya bomba tu na kurudi ofisini hajaupima mto.

Kipimo kilichozoeleka zaidi ni kiasi cha oksijeni ambacho bakteria hukitumia kuozesha uchafu uliomo katika sampuli kwa siku 5, kwenye nyuzi 20. Tume ya Kifalme ya Uingereza kuhusu majitaka, katika ripoti yake ya 1912, ilipendekeza kwamba maji yanayoingizwa mtoni yasizidi miligramu 20 kwa lita kwa kipimo hicho, na miligramu 30 za chembe zinazoelea. Namba hizo mbili, au za karibu nazo, zimeingia katika kanuni za nchi nyingi, lakini sharti lililoambatana nazo halikuzingatiwa sana: tume ilikuwa inazungumzia mto wenye maji safi angalau mara 8 ya yale yanayomwagwa. Wakati wa kiangazi, mto uliopita katikati ya mji unaweza kuwa na maji ambayo zaidi ya nusu yametoka mtamboni. Katika hali hiyo kibali kinaweza kutimizwa hadi nukta ya mwisho, na samaki wakafa. Ninapoambiwa kwamba huduma fulani inatimiza kiwango, swali langu la kwanza ni mto wenyewe una maji kiasi gani katika mwezi wake mkavu kuliko yote.

Hatua za mwanzo za mtambo nitazipitia kwa haraka kwa sababu hazina mengi ya kubishaniwa. Chekecheo za nondo huzuia matambara, plastiki na vijiti. Mifereji ya kupunguza kasi huacha mchanga na changarawe zitue. Tangi la kutuama huondoa kati ya nusu na thuluthi mbili za chembe zinazoelea, pamoja na robo au zaidi kidogo ya mzigo unaokula oksijeni. Mtambo unaoishia hapo haujasafisha majitaka bali umeyapunguza uzito, na ni makosa kuuita mtambo wa kusafisha.

Kazi halisi hufanyika katika hatua inayofuata, na hapo huduma hii inastahili sifa ambayo ni nadra kupewa. Mwaka 1914, Edward Ardern na William Lockett wa Manchester walieleza jaribio lililoanza kwa kupuliza hewa katika majitaka hadi yatakate, kazi iliyochukua takriban wiki 5. Kisha wakafanya jambo ambalo waliowatangulia hawakulifanya: badala ya kulimwaga tope lililotuama chini, waliliacha na kuongeza majitaka mapya juu yake, wakarudia tena na tena. Kadiri tope lilivyoongezeka, muda ulipungua, hadi kazi ile ya wiki ikamalizika ndani ya siku moja. Tope lilikuwa na bakteria hai waliokwisha kuzoea chakula chao, na ndiyo sababu njia hiyo ikaitwa tope hai. Mitambo mingi ya miji mikubwa duniani bado inatumia wazo hilohilo: tangi lenye hewa, tangi la kutuamisha, na pampu inayorudisha tope mwanzoni. Ikiendeshwa vizuri huondoa asilimia 85 hadi 95 ya mzigo unaokula oksijeni, katika muda wa saa chache, kwenye eneo dogo la ardhi. Sijui uvumbuzi mwingine wa usafi wa mazingira uliofanya mengi kiasi hicho kwa kutumia viumbe ambao tayari walikuwamo ndani ya uchafu wenyewe.

Neno la kuzingatiwa katika sifa hiyo ni kwamba mfumo uendeshwe vizuri. Mashine za kupuliza hewa peke yake huchukua kwa kawaida nusu au zaidi ya umeme wote wa mtambo, na umeme ukikatika kwa saa kadhaa bakteria wanaohitaji oksijeni huanza kufa na tope huanza kunuka. Kuna pia bakteria wa nyuzinyuzi ambao wakizidi hulifanya tope liwe jepesi, likatae kutuama, na hatimaye lipite juu ya ukingo wa tangi hadi mtoni. Mwendeshaji mwenye hadubini huwaona mapema, na asiye nayo hugundua siku mto unapobadilika rangi. Kwa maoni yangu, mamlaka inayonunua mtambo wa tope hai bila kutenga fedha za umeme, vipuri, maabara na mafundi wa zamu ya usiku imenunua majengo tu, na ingefaa ichague njia nyingine nitakayoizungumzia baadaye.

Upungufu mkubwa wa huduma ya kawaida unaonekana katika virutubisho. Maji yanaweza kutoka mtamboni yakiwa meupe, yasiyo na harufu, yenye kipimo kizuri cha oksijeni, na bado yakabeba sehemu kubwa ya amonia na fosforasi ya mkojo na sabuni. Amonia ina madhara ya aina mbili. Kwanza, sehemu yake huwa sumu kwa samaki, na sehemu hiyo huongezeka joto la maji linapopanda na asidi yake inapopungua. Pili, bakteria wa mtoni wanapoigeuza kuwa nitrati, kila gramu ya nitrojeni iliyomo hudai takriban gramu 4.57 za oksijeni, deni ambalo kipimo cha siku 5 mara nyingi hakilionyeshi. Mtambo unaolipa deni hilo ndani ya matangi yake hutumia umeme zaidi na huhitaji kulitunza tope kwa siku nyingi zaidi, kwa kuwa bakteria wanaoshughulikia amonia huzaliana polepole. Gharama hiyo haikwepeki: isipolipwa mtamboni, italipwa na mto.

Kwa fosforasi, ushahidi ninaouamini zaidi ni wa Ziwa Washington, jirani na jiji la Seattle. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa hilo lilipokea maji kutoka mitambo kadhaa iliyokuwa tayari na hatua ya bakteria, yaani maji ambayo wengi wangeyaita safi, na hata hivyo likajaa mwani uliorutubishwa na fosforasi. Kati ya 1963 na 1968 mabomba hayo yaliondolewa ziwani, fosforasi ikashuka, na uangavu wa maji ukarudi ndani ya miaka michache. Funzo kwa anayetathmini huduma ni dhahiri: kama mto unaishia katika ziwa, bwawa la kuhifadhi maji au ghuba tulivu, mtambo usioondoa fosforasi haujamaliza kazi, hata ukitimiza vipimo vingine vyote. Umoja wa Ulaya ulilitambua hilo katika agizo lake la 1991, ambalo kwa maeneo nyeti liliweka kikomo cha miligramu 2 za fosforasi kwa lita, na 1 kwa miji inayozidi watu 100,000. Njia ya kufikia namba hizo si lazima iwe kemikali. James Barnard, mhandisi wa Afrika Kusini, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba tope likipitishwa kwanza mahali pasipo na hewa kabisa, kisha penye hewa, bakteria fulani huhifadhi fosforasi nyingi mwilini mwao, na mtambo huiondoa kwa kuondoa tope. Mtambo wa aina hii ndio ninaoupa alama za juu kabisa kwa mto unaoingia katika maji yaliyotulia, ingawa unadai mwendeshaji makini kuliko mwingine wowote.

Sasa nije kwenye njia ambayo wahandisi wengi huidharau na mimi siidharau: mabwawa ya kutibu majitaka. Majitaka huingia katika bwawa la kwanza lenye kina kirefu, hutuama na kuoza bila hewa, kisha hupita katika mabwawa mapana na ya kina kifupi ambamo mwani huzalisha oksijeni kwa nguvu ya jua na bakteria huitumia. Hakuna mashine ya kupuliza hewa, na mara nyingi hata pampu haihitajiki. Kwa kuwa maji hukaa humo kwa siku nyingi, mayai ya minyoo hutua chini na vimelea hufa kwa jua na kwa mabadiliko ya kemia ya maji, kiasi kwamba mabwawa yaliyopangwa vizuri yanaweza kutoa maji ya kumwagilia mashamba yenye yai lisilozidi moja kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kasoro zake ni mbili. Yanahitaji ardhi kubwa, na maji yanayotoka huwa ya kijani kwa mwani, ambao nao ukifika mtoni hufa na kula oksijeni. Kasoro ya tatu ni ya watu wala si ya mabwawa: tope la chini lisipoondolewa kila baada ya miaka kadhaa, bwawa hujaa, njia ya maji hufupika, na majitaka hupita kwa saa badala ya siku. Nje, bwawa lililojaa tope linafanana kabisa na linalofanya kazi. Mwenye kukagua na apime kina chake kwa mti mrefu kabla ya kuamini ramani.

Kuhusu vimelea, huduma hii hujisifu kupita kiasi. Mitambo hutangaza kwamba huondoa asilimia 99 ya bakteria wa kinyesi, na tangazo hilo linaweza kuwa kweli. Lakini majitaka mabichi huwa na bakteria wa aina hiyo wapatao milioni 10 katika kila mililita 100, na asilimia 99 wakiondolewa bado wanabaki 100,000, idadi ambayo haimfai mtoto anayeoga mtoni. Kwa mto unaotumiwa na watu moja kwa moja, hatua ya kuua vimelea ni ya lazima, na namna yake ina uzito. Klorini ni rahisi na inafahamika, ila mabaki yake huwadhuru samaki hata yakiwa sehemu ndogo sana ya miligramu kwa lita, hivyo mtambo unaoitumia lazima uiondoe kabla ya kumwaga. Mionzi ya urujuanimno haiachi mabaki, lakini haipenyi vizuri maji yaliyochafuka na yenye chembe nyingi. Kuifunga nyuma ya tangi lisilotuamisha vizuri ni kupoteza fedha.

Tope ndilo ambalo matangazo huliacha kando. Uchafu ulioondolewa katika maji haujapotea, umehamia ndani ya tope, na mtambo usio na mahali pa kulipeleka hulilimbikiza hadi siku ya mvua kubwa, ambapo husombwa kurudi mtoni. Likiozeshwa katika tangi lililofungwa, kwenye joto la nyuzi 35 hivi, hutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani na inaweza kuzalisha sehemu ya umeme wa mtambo. Likikaushwa na kupimwa metali nzito, linaweza kurutubisha ardhi. Jiji la Milwaukee limekuwa likiuza mbolea ya aina hii tangu 1926. Swali linalofaa kwa mtoa huduma yeyote ni tani ngapi za tope zilitoka mwaka jana na zilikwenda wapi. Asiyeweza kulijibu huenda tope lake liko mtoni.

Hata mtambo bora hausafishi majitaka ambayo hayajaufikia, na hapa ndipo huduma nyingi hupoteza alama. Katika miji ya zamani maji ya mvua na majitaka hupita katika bomba moja, na mvua ikizidi uwezo wake, mchanganyiko huo hutolewa mtoni kupitia milango ya dharura bila kusafishwa. London, iliyojengewa mabomba makubwa na Joseph Bazalgette baada ya uvundo mkubwa wa 1858, ilihamisha uchafu wake chini ya mkondo kwa miaka mingi kabla ya kuusafisha ipasavyo. Mwaka 1957 sehemu ya Mto Thames ilitajwa kuwa imekufa kibiolojia, na ni baada ya mitambo kuboreshwa ndipo samaki aina ya salmoni alionekana tena humo mwaka 1974. Hata hivyo, milango ya mvua iliendelea kumwaga, na jiji likalazimika kuchimba handaki la kilomita 25 chini ya mto, ambalo kuunganishwa kwake kulikamilika mwaka 2025. Miji ambayo bado inajenga mtandao wake ina nafasi ya kutenganisha mabomba mawili tangu mwanzo, na isipofanya hivyo itabeba gharama hiyohiyo baadaye. Katika miji yenye mabomba mawili tatizo huwa tofauti: mifuniko ya chemba huibwa, mapaa huunganishwa kinyemela kwenye bomba la majitaka, na nyufa huingiza maji ya ardhini, hadi mtambo unapokea maji mengi mepesi yanayowafukuza bakteria kutoka kwenye matangi.

Mtumiaji naye ana sehemu yake katika ubora wa huduma. Vitambaa vyepesi vya kujifutia, hata vile vinavyouzwa kwa ahadi kwamba vinaweza kutupwa chooni, pamoja na mafuta yaliyomwagwa kwenye sinki, hugandamana ndani ya mabomba. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, lilipatikana bonge la aina hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa takriban tani 130. Bomba likiziba hivyo, majitaka hutafuta njia ya karibu, nayo kwa kawaida ni mtaro wa mvua unaoelekea mtoni. Viwanda ni suala zito zaidi. Kiwanda cha ngozi au cha kupaka metali rangi ya kung'aa kikimwaga kromiamu au sianidi katika mtandao wa mji, kinaweza kuua bakteria wa mtambo mzima usiku mmoja, na kuwarudisha huchukua wiki. Mamlaka isiyo na orodha ya viwanda vilivyounganishwa na vipimo vya kila kimoja haiwezi kuahidi chochote kuhusu mto. Kuhusu mabaki ya dawa za binadamu, mitambo ya kawaida huyaondoa kwa sehemu tu. Agizo jipya la Ulaya la 2024 linadai hatua ya ziada kwa mitambo mikubwa na linawataka watengenezaji wa dawa na vipodozi kubeba angalau asilimia 80 ya gharama zake, uamuzi ninaouona wa haki kwa kuwa unamfikia anayepata faida.

Kwa jumla, teknolojia yenyewe naipa alama za juu bila kusita, na uendeshaji wake, katika sehemu nyingi duniani, alama za chini. Takwimu za Umoja wa Mataifa za 2022 zilikadiria kwamba takriban asilimia 58 ya majitaka ya majumbani duniani husafishwa kwa usalama, na zaidi ya miaka 100 imepita tangu jaribio la Manchester. Kinachokosekana mara nyingi ni mafundi, umeme wa uhakika, bajeti ya matengenezo na, kwa msisitizo, takwimu zilizo wazi. Sampuli moja inayochotwa asubuhi mara moja kwa mwezi haisemi lolote kuhusu saa za jioni ambapo mji mzima unaoga na kupika, wala kuhusu usiku ambapo baadhi ya viwanda hupenda kumwaga. Ninachokitaka ni sampuli iliyokusanywa kidogo kidogo kwa saa 24, vipimo vya oksijeni, amonia, fosforasi na bakteria wa kinyesi, vikichukuliwa juu ya bomba, kwenye bomba, na katika sehemu kadhaa chini yake, pamoja na tarehe za kila mlango wa dharura uliofunguliwa, na vyote vibandikwe mahali ambapo wakazi wa chini ya mkondo wanaweza kuvisoma. Mamlaka inayofanya hivyo, hata kama matokeo yake bado si mazuri, naipendekeza, kwa kuwa kasoro zake zinajulikana na zinaweza kurekebishwa. Isiyofanya hivyo siipendekezi, hata mtambo wake uwe mpya kiasi gani.